Mbwa amemeza kitu: soma dalili kabla hujavuta wala kumtapisha

Mbwa wengi wa Malindi hawaishi ndani ya nyumba. Wanalinda uani, wanapita jalalani, wanashuka ufukweni alfajiri na mlinzi, na njiani wanakutana na kila chenye harufu ya nyama au samaki: kijiti cha mshikaki, gunzi la mahindi ya kuchoma, ndoana iliyoachwa na chambo chake, pampasi iliyofukuliwa kwenye taka. Ndiyo maana mara nyingi hakuna aliyemwona akimeza. Kinachoonekana ni mbwa anayetapika, anayetokwa mate au aliyekataa chakula, na mwenyewe anabaki kukisia.

Kwa sababu hiyo maelezo haya yamepangwa kwa dalili. Tafuta ile unayoiona sasa hivi, anza na sababu ya kwanza, ushuke. Ila mambo matatu yashike hata kabla ya kuendelea kusoma: usivute kitu kinachoning'inia, usimtapishe kwa chumvi, na andika saa uliyoona dalili ya kwanza. Wapo mbwa ambao wangepona kwa urahisi, wakaumizwa na mkono wa mtu aliyewaonea huruma.

Vipimo vya kufanya nyumbani

Inua mdomo wa juu utazame ufizi. Wa kawaida ni wa waridi (kwa mbwa mwenye fizi nyeusi, tazama sehemu ya ndani ya kope la chini). Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, kisha uachie: rangi irudi kabla ya sekunde 2. Hesabu pumzi akiwa ametulia; 10 hadi 30 kwa dakika ni sawa, ingawa kwenye joto letu mbwa hutweta, kwa hiyo mpeleke kivulini kwanza. Kama una kipimajoto cha kutia nyuma, nyuzi 38 hadi 39.2 ni za kawaida. Mwisho, papasa tumbo polepole kutoka mbavuni kwenda nyuma. Tumbo lenye afya hulegea. Likikazana, au akigeuka kukutazama kila unapogusa pahali pamoja, hayo ni maumivu.

Ufizi mweupe, wa buluu au wa kijivu, usiendelee na vipimo. Tafuta tuktuk.

Hapumui, au anakabwa

Sababu ya kawaida ni kipande kikubwa cha nyama au mfupa, kisha mpira mdogo wa kuchezea, kisha kokwa la embe.

Mbwa anayekohoa kwa nguvu bado anapitisha hewa, mwache akohoe. Anayejitahidi bila sauti, ulimi ukigeuka buluu, ndiye wa kusaidiwa papo hapo. Fungua mdomo, vuta ulimi mbele, tazama. Ukikiona kitu na unaweza kukishika, kitoe kwa koleo. Usisukumize vidole gizani, maana utakizamisha zaidi. Kikiwa ni mpira uliokaa nyuma ya koo, weka vidole gumba nje, chini ya taya karibu na koo, usukume kwenda juu na mbele ili utoke kama ulivyoingia.

Ikishindikana, kwa mbwa mkubwa simama nyuma yake, zungusha mikono tumboni, weka ngumi pale palipo laini mbavu zinapoishia, ukaze kwa kasi kuelekea kichwani mara 5, kisha utazame mdomo tena. Mbwa mdogo mwinue kwa miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini, kwa sekunde chache. Kisipotoka, mkaze vivyo hivyo kwa nguvu kidogo. Akizimia na moyo usisikike, mlaze ubavu, kandamiza kifua mara 30 kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika, umfunge mdomo, upulize puani mara 2, urudie. Mtu wa pili awe anatafuta gari.

Hata kikitoka akasimama, apelekwe akaangaliwe. Koo lililokwaruzwa huvimba saa kadhaa baadaye, na mbavu zinaweza kuwa zimeumia.

Mate yanatiririka, anajipapasa mdomo, anameza-meza

Hii ndiyo dalili inayoletwa kwangu mara nyingi kuliko zote, na sababu zake zinatofautiana sana kwa hatari.

*Kijiti au mfupa uliokwama kinywani.* Kijiti cha mshikaki huvunjwa na meno kikajikita kukingama kaakaa, magego ya kulia na kushoto yakikishika. Mbwa hupiga uso kwa mikono na kusugua mdomo chini. Ukikiona waziwazi na mbwa akubali, mtu mmoja anayemzoea ashike kichwa, mwingine akibandue kwa mpini wa kijiko, akikisukuma kwenda mbele. Vaa glavu, zinasaidia pia asiyetaka kuguswa na mate ya mbwa kwa sababu za twahara.

*Ndoana.* Kwa sisi tulio karibu na bahari hii ni ya kila msimu. Mbwa hapendi chuma, anapenda kipande cha ngisi au dagaa kilichobaki juu yake. Ndoana iliyo kwenye mdomo wa nje, ncha ikiwa imeshatokeza, hukatwa ncha kwa koleo kali, na kipande kilichobaki hurudishwa kilikoingilia. Ndoana iliyo ulimini, kooni au iliyokwisha mezwa haiguswi. Mshipi ukining'inia, usiuvute na usiukate karibu na mdomo. Acha kipande kirefu, ukifunge kwenye ukanda wa shingo ili asikimeze, maana daktari huufuata mshipi huo kuifikia ndoana. Anayeuvuta huzamisha makali ya ndoana ndani ya ukuta wa umio (njia ya chakula kwenda tumboni), na palipokuwa pa kutolewa kwa nusu kaputi fupi panakuwa pa kupasua kifua.

*Kitu kilichokwama kwenye umio.* Mbwa ananyoosha shingo, anameza hewa, anakunywa maji na yanarudi papo hapo bila kujikakamua. Mara nyingi ni mfupa wenye pembe, wa uti wa mgongo au mguu wa mbuzi. Usimpe ugali wala ndizi ukidhani vitausukuma. Ukuta wa umio ukibanwa kwa saa nyingi huoza, na tundu likitokea usaha huingia kifuani. Hiyo ni safari ya siku hiyohiyo.

*Betri ndogo ya duara*, ile ya rimoti, saa au mizani ya jikoni. Si lazima ivuje ili iunguze: ikigusa utando wenye unyevu, umeme wake hutengeneza kemikali inayokula nyama. Kidonda huanza ndani ya nusu saa, na ndani ya saa chache tu panaweza kutoboka. Usimtapishe, usisubiri dalili, ondoka sasa.

*Kichaa cha mbwa.* Si cha kawaida kuliko hayo ya juu, lakini nakiandika kwa herufi za moto. Mbwa mwenye kichaa huonekana kabisa kama amekwamwa na mfupa: taya limelegea, mate yanamwagika, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Kama hakuna aliyemwona akila kitu, tabia yake imegeuka ghafla, au hajachanjwa, usitie mkono mdomoni. Mfungie uani pasipo watoto, umwite daktari wa wanyama. Aliyekwisha kuguswa na mate hayo kwenye kidonda au kuumwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo kuanza chanjo. Kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa kinacholetwa na mbwa, na hilo halifikiwi bila chanjo ya kila mwaka kwa mbwa wa uani, yule asiyeingia ndani hata siku moja.

Uzi, mshipi au utepe unaning'inia

Iwe mdomoni au nyuma, jibu ni moja: usivute. Ncha ya juu inaweza kuwa imejizungusha chini ya ulimi au imenasa mlango wa kutokea tumboni, wakati ncha ya chini inasukumwa na utumbo. Utumbo hujikunja wote juu ya uzi huo, kama kiuno cha bukta unapovuta kamba yake, na kila mkunjo unasuguliwa mpaka unakatika. Uzi wa kushonea wenye sindano, nyuzi za kamba ya makumbi, utepe wa kanda, uzi wa kufungia nyama: vyote hufanya hivyo. Inua ulimi utazame chini yake. Kilichotokeza nyuma kinaweza kukatwa karibu na mwili ili asikikanyage, na hapo ndipo kazi yako inapoishia. Anayetapika huku uzi unaonekana anahitaji upasuaji, si dawa ya kuzuia kutapika ya agroveti (duka la dawa za mifugo).

Anatapika

Kutapika mara moja kisha akacheza na kula ni jambo la kila wiki kwa mbwa mla taka. Sababu ya kwanza daima ni chakula kilichooza, vichwa vya samaki vilivyolala juani. Mwondolee chakula kwa muda wa saa 12 (si kwa mtoto wa mbwa, huyo hapaswi kukaa na njaa muda mrefu), mpe maji kidogo kidogo, kisha wali mlaini na kuku asiye na mifupa wala viungo.

Sababu ya pili, na hapa naomba utulie, ni kitu kilichoziba. Tofauti iko katika mpangilio. Aliyekula kilichoharibika hutapika, huharisha, na kufikia kesho ana nafuu. Aliyezibwa hutapika kila anachokula, kisha na maji pia, halafu anakuwa mnyonge. Choo kinapungua au kinakoma. Baadhi yao huweka kifua chini na kuinua makalio, mkao wa mwenye maumivu ya tumbo. Kadiri alipozibwa palivyo karibu na tumbo, ndivyo kutapika kunavyokuwa kwingi na kwa haraka.

Sasa hesabu vilivyopotea nyumbani. Soksi ziko mbili mbili? Pampasi ya mtoto iko wapi? Pampasi ina chembe zinazofyonza maji na kuvimba, na zinaendelea kuvimba ndani ya tumbo. Waya wa kusugulia sufuria, hasa uliolowa mafuta ya nyama, nao hutoweka kimyakimya.

Wahalifu wakubwa wa Pwani ni wawili. Gunzi la mahindi haliyeyuki tumboni, tena kipande chake kina kipenyo kile kile cha utumbo wa mbwa wa wastani. Kokwa la embe nalo ni laini kwa nje na gumu kwa ndani, na kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, ngowe na boribo zinapoanguka kila shamba, mbwa huyameza mazima kwa utamu wa nyama yake. Vyote viwili vina hila moja: vinaweza kukaa tumboni siku nyingi, hata wiki kadhaa, mbwa akitapika leo na kupona kesho, kabla ya kusogea na kuziba. Kwa hiyo mwenye mbwa anayesema "alikula gunzi wiki mbili zilizopita, haiwezi kuwa hilo" anakosea. Inaweza kabisa. Tena gunzi, kijiti na kitambaa havionekani wazi kwenye eksirei kama mfupa au chuma vinavyoonekana. Daktari asiyeambiwa atatafuta kivuli cha gesi tu, au atahitaji altrasaundi. Mwambie ulichoshuku, hata kama huna hakika.

Acha kusubiri akitapika zaidi ya mara 3 ndani ya nusu siku, akishindwa kuhifadhi maji, akitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, au akikataa kuinuka.

Anajikakamua kutapika, hakitoki kitu, tumbo limejaa hewa

Watu hudhani amekwamwa na mfupa. Kwa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama yale majitu ya ulinzi yanayofugwa upande wa Casuarina hapa Malindi, yaelekea tumbo limejaa gesi na kujipinda. Ukiligonga kwa vidole linalia kama lililo tupu. Hana saa za kusubiri asubuhi. Huua ndani ya saa chache. Hakuna cha nyumbani hapa, si mafuta, si kumtembeza. Piga simu ukiwa njiani.

Anakaza, choo hakitoki au kina damu

Kwanza hakikisha ni kufunga choo kweli. Mbwa anayeharisha naye hukaza sana akitoa tone tu.

Sababu kuu ni mifupa iliyotafunwa, inayogandamana kuwa kama chokaa. Kisha makumbi ya nazi, nywele, nyuzi za gunia. Mpe maji mengi, mtembeze, na kama hatapiki umpe chakula chenye mchuzi usio na chumvi wala vitunguu. Siku 2 zikipita bila choo, au akianza kutapika, ni daktari. Usitie mkono wala kutoa kwa nguvu kijiti kinachotokeza nyuma. Huwezi kujua kimechoma nini ndani.

Miguu imelegea, anayumba

Hii si dalili ya kitu kilichokwama, lakini hufika mlangoni kwa maelezo yale yale, "kala kitu ufukweni". Fikiria bunju, samaki anayejivimbisha, ambaye wavuvi humtupa mchangani kwa kuwa hafai kuliwa na mtu. Sumu yake haina dawa ya kuibatilisha. Huanza na kutapika na mate, kisha miguu, kisha pumzi. Kinachomwokoa ni kusaidiwa kupumua mpaka sumu iishe mwilini, kwa hiyo kila dakika ni ya safari. Sumu ya panya na ya wadudu wa shambani zina sura nyingine, mitetemeko au kutokwa damu siku kadhaa baadaye. Beba pakiti.

Umemwona akimeza, na bado yu mzima

Kifungo, kokoto dogo, kipande laini cha plastiki: kwa mbwa mkubwa mara nyingi hupita. Mlishe kama kawaida, mfunge asirandaerande, na ukichambue choo chake kwa kijiti kwa siku 3. Kisipotoka, mpigie daktari.

Vitu vifuatavyo havisubiri hata kama anatikisa mkia: betri, ndoana, sindano, pini za mtandio, kijiti cha mshikaki, sumaku zaidi ya moja (huvutana zikibana utumbo katikati), uzi mrefu, gunzi, kokwa, soksi, na gundi ya mbao ile inayovimba ikipata maji.

Daktari akifikiwa ndani ya saa 2 hivi, kitu laini kama soksi mara nyingi hutolewa kwa sindano ya kumtapisha, bila kisu. Nafasi hiyo hupotea kwa simu za kuulizana. Nyumbani usijaribu. Chumvi hupandisha sodiamu mwilini mpaka ubongo unadhurika. Mafuta ya kula hupenya mapafuni. Haidrojeni peroksaidi ni kwa kipimo atakachotaja daktari kwenye simu kulingana na uzito, ya asilimia 3 na si kali zaidi. Na aliyemeza chenye ncha, betri, mafuta ya taa au dawa ya choo hatapishwi na yeyote, kwani kinachoumiza kikishuka kitaumiza tena kikipanda. Dawa za maumivu za binadamu pia ziache kabatini. Ibuprofen na diclofenac hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Kumfikisha kwa daktari

Muuza agroveti anaweza kukupa namba ya simu, lakini anayepasua ni daktari wa wanyama aliyesajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya. Muulize kwa simu, kabla hujapanda gari, kama ana eksirei na kama anapasua usiku. Jibu likiwa hapana, safari ni ya Kilifi, au ya Mombasa iliyo kilomita 120 hivi, na ni afadhali kulijua hilo saa kumi jioni kuliko saa tano usiku. Usimlishe njiani, maana nusu kaputi huhitaji tumbo tupu. Chukua kipande cha kitu chenyewe: soksi ya pili, pakiti ya betri, ndoana ya namba ileile. Chukua na ile karatasi yenye saa.

Ongea pesa mapema bila haya. Kutoa kwa mrija wenye kamera, kama upo, ni kwepesi kwa mbwa kuliko kupasua. Kufungua tumbo ni kwepesi kuliko kukata kipande cha utumbo uliokufa. Kila siku ya kungoja humsogeza kwenye hatua ya gharama zaidi.

Akirudi nyumbani baada ya upasuaji wa utumbo, siku ya 3 hadi ya 5 ndizo za kumkodolea macho, kwa kuwa ndipo mshono wa ndani huweza kuachia. Akitapika tena, akipata homa, tumbo likikazana au akikataa chakula siku hizo, arudishwe usiku huohuo. Mlishe kidogo mara nne kwa siku, mvike kizuizi cha shingo asirambe nyuzi, na mlinzi aambiwe waziwazi asimtupie mifupa mpaka daktari aseme.